Kijiko Kidogo au Loda Ndogo: Namna ya Kuchagua Mtambo Sahihi kwa Kazi Ndogo za Udongo

Miradi mingi ya maendeleo katika ngazi ya kijiji na mtaa huanzia ardhini. Kabla ya kuta za darasa kuinuliwa, hapana budi msingi uchimbwe. Kabla ya maji kufika kwenye kituo cha kuchotea, hapana budi mtaro wa bomba upite katika mashamba, njia na viwanja vya watu. Vivyo hivyo, choo cha zahanati huhitaji shimo, barabara ya mtaa huhitaji mfereji, na kiwanja cha ghala huhitaji kusawazishwa.

Kazi hizi zinaitwa ndogo kwa sababu haziwezi kubeba gharama ya tingatinga au kijiko kikubwa cha tani 20. Hata hivyo, fedha zinazotumika ni za umma au ni michango ya wananchi wenyewe, na kosa linalofanyika katika hatua ya udongo hulipiwa katika hatua zote zinazofuata. Msingi uliochimbwa kupita kiasi humeza zege ambayo haikuwamo katika makadirio. Mtaro uliopanuliwa bila sababu hudai kifusi zaidi, vibarua zaidi na siku zaidi. Bomba la zamani likikatwa na mtambo, kitongoji kizima hukosa maji.

Kwa sababu hiyo, kamati za ujenzi, viongozi wa mitaa na wananchi wanaojenga makazi yao wanahitaji kufahamu tofauti kati ya mitambo miwili midogo inayozidi kuonekana katika maeneo ya ujenzi, yaani kijiko kidogo na loda ndogo. Kwa mtazamo wa haraka mitambo hii hulingana kwa ukubwa, lakini imebuniwa kwa kazi tofauti.

Kijiko kidogo ni mtambo wa aina gani

Kijiko kidogo ni mtambo wa kuchimba wenye uzito wa kati ya tani 1 na tani 6 hivi, ingawa ipo mikubwa kidogo zaidi ya hiyo. Hutembea juu ya mikanda ya mpira au minyororo ya chuma. Sehemu ya juu, yenye kiti cha mwendeshaji, injini na mkono wa kuchimbia, huzunguka nyuzi 360 bila sehemu ya chini kusogea. Mkono huo huishia kwenye ndoo yenye meno ambayo huchimba kwa kuvuta udongo kuelekea kwenye mtambo. Mingi huwa na bamba la kusukumia upande wa mbele, ambalo husaidia kurudisha udongo mtaroni na kuutuliza mtambo wakati wa kuchimba.

Nguvu ya kijiko ni kufika chini ya usawa wa ardhi kinaposimama. Kijiko cha tani 1.7 huweza kuchimba hadi kina cha mita 2 na zaidi kidogo, na cha tani 3.5 hukaribia mita 3. Ndoo zake hubadilishwa. Ipo nyembamba ya sentimita 30 kwa mtaro wa bomba au waya, na ipo pana ya mita 1 au zaidi kwa kusawazisha na kusafisha mifereji. Baadhi ya vijiko vya tani 1 vina upana usiozidi mita 1, hivyo huweza kupita kwenye uchochoro au lango la uani na kuchimba mahali ambapo mtambo mwingine haufiki.

Udhaifu wake ni mwendo. Kijiko kidogo hutembea kwa kasi ya kilomita 2 hadi 5 kwa saa, na ndoo yake hubeba udongo kidogo. Hakikuundwa kusafirisha udongo kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi mwingine. Kinachimba na kumwaga kando yake, au ndani ya lori lililosogezwa karibu.

Loda ndogo ni mtambo wa aina gani

Loda ndogo ina beleshi pana upande wa mbele, linaloinuliwa na mikono miwili inayopita kandokando ya kiti cha mwendeshaji. Zilizo nyingi zina magurudumu manne yasiyokata kona kama ya gari. Mtambo hugeuka kwa magurudumu ya upande mmoja kuzunguka kwa kasi tofauti na ya upande wa pili, na huweza kujizungusha mahali ulipo. Zipo pia loda zinazotembea juu ya mikanda ya mpira, zinazofaa zaidi ardhi laini.

Asili ya mtambo huu ni shambani. Mwaka 1957, ndugu wawili mafundi wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, Cyril na Louis Keller, walitengeneza loda ndogo ya magurudumu matatu kwa ajili ya mfugaji wa bata mzinga, aliyetaka mashine nyepesi ya kusafishia banda lenye nguzo nyingi na nafasi finyu. Tangu mwanzo, basi, kazi yake ilikuwa kukomba, kubeba na kumwaga katika eneo dogo. Kijiko kidogo kilikuzwa zaidi nchini Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ambako ujenzi wa nyumba katika viwanja vilivyobanana ulihitaji mtambo wa kuchimba misingi na mitaro bila kugusa kuta za jirani.

Nguvu ya loda ni mwendo na ujazo. Hutembea kwa kasi ya takribani kilomita 10 hadi 12 kwa saa, na beleshi lake huchukua kiasi cha mita za ujazo 0.3 hadi 0.5 kwa mara moja. Hukomba udongo wa juu, husambaza kifusi, hupakia lori, hubeba tofali, mchanga na kokoto, na husafisha kiwanja baada ya kazi. Aidha, huweza kufungwa vifaa vingine, kama vile uma wa kubebea mizigo, ufagio na kekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo.

Udhaifu wake uko chini ya usawa wa ardhi. Loda haiwezi kuchimba shimo lenye kingo wima. Ili ishuke, ni lazima itengeneze mteremko wa kuingilia, na mteremko huo ni udongo wa ziada unaochimbwa na kurudishwa. Vilevile, kwa kuwa hugeuka kwa kuburuza magurudumu, huchubua nyasi, huvuruga ardhi iliyokwisha kusawazishwa na kula matairi haraka kwenye sakafu ngumu.

Hesabu ya mtaro wa bomba

Tofauti hizi huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Chukua mfano wa mtaro wa bomba la maji wenye urefu wa mita 200, upana wa mita 0.5 na kina cha mita 1.2. Ujazo wake ni mita za ujazo 120. Udongo ukishachimbwa hufura kwa sababu ya hewa inayoingia kati ya chembe zake. Kwa ongezeko la asilimia 25, rundo litakalolala kando ya mtaro litafikia mita za ujazo 150.

Kijiko kidogo cha tani 3 hivi, chenye ndoo ya sentimita 45 hadi 50, huweza kuchimba mita za ujazo 10 kwa saa katika udongo wa kawaida, kwa makadirio ya tahadhari. Mtaro huo ni kazi ya saa 12, yaani takribani siku mbili ukijumlisha kusogea, kupima kina na kusubiri mafundi.

Loda ndogo yenye beleshi la upana wa mita 1.5 haiwezi kuchimba mtaro mwembamba kuliko beleshi lake. Hata kama ingeshuka hadi kina hicho, mtaro ungekuwa wa mita za ujazo 360, mara tatu ya mahitaji, bila kuhesabu miteremko ya kuingilia na kutokea. Udongo wote huo ungepaswa kurudishwa na kushindiliwa. Kwa hiyo loda hata ikipatikana kwa nusu ya bei ya kijiko kwa siku, bado ingekuwa ghali kwa kazi hii.

Hata hivyo, bomba likishalazwa na kupimwa, loda hurudisha udongo kwa haraka. Kijiko chenye bamba la kusukumia nacho huweza kuifanya kazi hiyo, kwa mwendo wake wa polepole. Kwa mtaro wa mita 200, mara nyingi si busara kulipia usafiri wa mtambo wa pili kwa ajili ya kufukia peke yake.

Hesabu ya kusawazisha kiwanja

Hali hugeuka kazi inapokuwa ya juu ya ardhi. Kiwanja cha mita 20 kwa mita 30 kikihitaji kuondolewa udongo wa juu wenye mizizi kwa kina cha sentimita 15, ujazo ni mita za ujazo 90, ambazo zikifura zinakuwa takribani 112. Loda yenye beleshi la mita za ujazo 0.4 itahitaji safari 280 hivi. Kila safari ikichukua dakika moja, kazi humalizika chini ya saa 5.

Kijiko kidogo chenye ndoo ya mita za ujazo 0.08 kingehitaji kuinua ndoo mara 1,400, na hata hivyo udongo usingeondoka kiwanjani. Ungehamia kando tu, ukisubiri kuhamishwa tena. Hapo loda ndiyo chaguo la gharama nafuu. Udongo huo wa juu, wenye rutuba, unafaa kutengwa na kutunzwa kwa ajili ya bustani au miti itakayopandwa baada ya ujenzi.

Kutokana na mifano hii miwili, swali la kwanza ambalo kamati inapaswa kujiuliza ni kama kazi inakwenda chini au inakwenda mbali. Kazi inayokwenda chini, kama msingi, mtaro, shimo la maji taka au shimo la kalavati, ni ya kijiko. Kazi ya kuhamisha, kutandaza, kupakia na kusafisha ni ya loda.

Aina ya udongo na nafasi iliyopo

Hali ya ardhi huweza kubadili uamuzi. Katika udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika maeneo mengi ya Kanda ya Ziwa, magurudumu ya loda hukwama mara mvua inaponyesha. Mikanda ya mpira husambaza uzito katika eneo kubwa zaidi, hivyo kijiko, au loda ya mikanda, huendelea na kazi kwa muda mrefu zaidi. Udongo huo pia hufura unapolowa na kunywea unapokauka, na kina cha msingi wake huamuliwa na mhandisi.

Katika ukanda wa pwani na visiwani, mwamba wa matumbawe huanza karibu sana na uso wa ardhi. Meno ya ndoo peke yake hayatoshi, na kijiko hulazimika kufungwa nyundo ya haidroliki. Hali kama hiyo hujitokeza Mwanza na maeneo mengine yenye mawe makubwa ya matale. Kamati inapaswa kuchimba mashimo machache ya majaribio kwa mkono kabla ya kukodi mtambo, ili mwamba usigunduliwe wakati mtambo umekwisha kufika na gharama zimeanza kuhesabika.

Nafasi nayo ina uzito wake. Kijiko kinahitaji eneo la kuzungusha sehemu yake ya juu, kwani mara nyingi mkia wake hutokeza nje ya mikanda. Vipo vijiko ambavyo mkia wake hautokezi, au hutokeza kidogo tu, na ndivyo vinavyofaa kando ya ukuta. Loda kwa upande wake huhitaji uwanda wa kwenda mbele na kurudi nyuma.

Mtambo wa tatu na nguvu kazi ya wananchi

Katika wilaya nyingi, mtambo unaopatikana kwa urahisi ni ule wenye beleshi kubwa mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, unaotembea barabarani kwa magurudumu yake. Mtambo huo unafanya kazi zote mbili na hauhitaji lori la kuubeba kwa safari fupi. Pale ambapo kiwanja ni kipana, njia inapitika na kazi ni mchanganyiko, unaweza kuwa nafuu kuliko kuleta mitambo miwili midogo kutoka mjini. Kasoro yake ni ukubwa, kwani huzidi tani 7 na haufai kwenye vichochoro.

Vilevile, mtambo si lazima kila mahali. Katika udongo wa kawaida, mtu mmoja kwa jembe, sururu na koleo huchimba kati ya mita za ujazo 2 na 5 kwa siku, kutegemea ugumu wa ardhi. Mtaro wa mita za ujazo 120, kwa wastani wa mita 3 kwa mtu, ni siku 40 za kazi, yaani watu 20 kwa siku mbili. Pale ambapo mradi umekusudiwa kuingiza kipato katika kaya, kama ilivyo katika miradi ya ajira za muda ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kuleta mtambo kunaweza kuondoa lengo lenyewe la mradi. Njia ya kati ni kuuachia mtambo sehemu ngumu na za kina, na kuwaachia wananchi sehemu nyepesi.

Usalama: uzito wa udongo

Kasi ya kijiko kidogo ina hatari yake. Ndani ya saa moja mtambo huweza kufungua mtaro wenye kina cha kumzidi mtu kimo, kabla ya yeyote kufikiria kuzuia kingo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa takribani tani 1.5 au zaidi. Ukingo ukiporomoka, mtu aliyefunikwa hadi kifuani huweza kukosa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje, na mara nyingi wenzake hawawezi kumfukua kwa wakati.

Kwa ajili hiyo, mtaro wenye kina kinachokaribia mita 1.5 haupaswi kuingiwa na mtu kabla ya kingo zake kulazwa kwa mteremko au kuzuiwa kwa mbao na nguzo. Mchanga na udongo uliolowa huhitaji tahadhari hata kwa kina pungufu. Udongo uliochimbwa uwekwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na mtambo usisimame karibu na ukingo wakati watu wako ndani. Ngazi ya kutokea iwe karibu, na mtaro ulio wazi uwekewe uzio, hasa karibu na shule.

Kila mtambo una hatari zake mahususi. Kwa kijiko, hatari kubwa ni mtu kugongwa au kubanwa na mkia unaozunguka. Kwa loda, ni kurudi nyuma bila kuona, na mtu kupita chini ya mikono iliyoinuliwa. Loda isibebe zaidi ya uwezo uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa loda za magurudumu huwekwa katika nusu ya uzito unaoweza kuipindua. Kwenye mteremko, upande mzito uelekezwe juu. Loda yenye mzigo hupanda kwa mbele, na isiyo na mzigo hupanda kwa kurudi nyuma. Beleshi lisafirishwe likiwa chini, na mkanda wa kiti ufungwe wakati wote.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inaweka wajibu wa kulinda wafanyakazi kwa mwajiri. Udogo wa kazi hauondoi wajibu huo.

Kabla ya kusaini mkataba wa kukodi

Gharama halisi ya mtambo haiishii kwenye bei ya siku. Kwa miradi ya umma, ununuzi wa huduma hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na taratibu zake. Kwa mradi wowote, mambo yafuatayo yanapaswa kuandikwa katika makubaliano:

1. Malipo ni kwa siku, kwa saa au kwa kazi. Kama ni kwa saa, mita ya saa ya mtambo isomwe na kuandikwa mbele ya pande zote mbili, asubuhi na jioni.

2. Nani analipia mafuta, na yatapimwaje.

3. Nani analipia lori la kuleta na kurudisha mtambo. Kwa kazi ya siku moja, usafiri huweza kuzidi kodi ya mtambo wenyewe.

4. Upana wa ndoo au beleshi litakalokuja. Kijiko kilichokodiwa kwa mtaro wa sentimita 45 kikiletwa na ndoo ya mita 1, hesabu zote hubadilika.

5. Cheti cha mwendeshaji kutoka chuo kinachotambuliwa, kama vile vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), pamoja na bima ya mtambo.

6. Nani anawajibika mtambo ukiharibika katikati ya kazi, na ukiharibu mali ya mtu.

Jambo la mwisho hutangulia mengine yote kwa wakati. Kabla ya ndoo ya kwanza kugusa ardhi, ofisi ya kijiji au mtaa iwasiliane na mamlaka ya maji ya eneo husika, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) na watoa huduma za mawasiliano, ili kufahamu mabomba na nyaya zilizopita chini na juu ya eneo la kazi. Wazee na majirani wanaokumbuka bomba la zamani lilipopita nao waulizwe, kwani si kila bomba limo kwenye ramani. Pale panaposhukiwa kuwa na bomba au waya, uchimbaji ufanywe kwa mkono hadi lionekane.

Mhandisi wa halmashauri ndiye mwenye jukumu la kushauri kamati kuhusu vipimo vya msingi au mtaro. Vipimo hivyo vikishaandikwa, vikazidishwa na kupata ujazo, na aina ya udongo ikajulikana, swali la mtambo upi ukodiwe hujibiwa na hesabu, na kamati huweza kuwaeleza wananchi kwenye mkutano wa hadhara kwa nini fedha zao zimetumika hivyo.